Sinema Iliyotufunga Midomo

Katika maisha yangu nimeona sinema nyingi, na nyingi nilizisahau kabla sijafika nyumbani. Ile ya mchoraji kiziwi siisahau, ingawa haikuwa nzuri kupita nyingine. Ninaikumbuka kwa sababu ya maoni ya watazamaji wake, yaani wanawake wa nyumba yetu, ambao waliingia wakicheka na kutafuna karanga, wakatoka kila mmoja ameshika kanga mdomoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliishi Kariakoo na shangazi yangu, dada wa baba, katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, karibu na soko kiasi kwamba asubuhi tuliamshwa na makelele yake. Shangazi alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka minane alishikwa na homa, akapona, lakini masikio hayakupona. Kwa hiyo maneno alikuwa nayo na sauti alikuwa nayo, ila sauti ile aliitoa chumbani kwetu tu, mbele yangu. Aliwahi kuitoa sokoni alipokuwa msichana, watu wakamcheka, na tangu hapo nje akawa anasema kwa mikono. Mimi nilikuwa mfasiri wake, kazi niliyoipenda kwa sababu nilizaliwa na mdomo usiotulia.

Riziki yake ilikuwa kuwapamba maharusi kwa hina nyekundu na piko nyeusi. Akishika ile njiti yake ya ukuti, akaichovya kwenye bakuli, maua yalimtoka mkononi moja kwa moja, bila kupima na bila kufuta. Waliomwita walitoka Kariakoo, Ilala na Gerezani. Walimpenda kwa mkono wake, hilo ni kweli, lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Bibi harusi anapopambwa hukaa mkekani kutwa nzima, miguu kaikunjua, hana ruhusa ya kutikisika mpaka rangi ikauke. Wanawake wanne au watano humzunguka ili asichoke, na wanawake watano wakifungiwa chumbani na sinia la visheti, unategemea watakaa kimya? Kwingine walisema kwa uangalifu, maana ukuta una masikio. Mbele ya shangazi yangu, ambaye hakuwa nayo, walijimwaga.

Katika vyumba vile nilisikia mengi. Mwenye nyumba wetu, mama mnene mwenye maneno makali, alikuwa amemzidi mumewe miaka sita, na mumewe hadi leo hajui, kama bado yupo duniani. Mpangaji wa chumba cha mbele, mama wa Kikristo kutoka Kilimanjaro ambaye mumewe alikuwa na duka la jumla pale sokoni, mwanamke asiyekosa kanisani Jumapili hata moja, alikuwa amekwenda kwa siri mpaka Buguruni, wakati huo ni mashamba matupu, kumtafuta mganga wa kumpunguza mama mkwe wake ukali. Haya yote yalisemwa kwa sauti ya kawaida huku shangazi kainama miguuni mwa bibi harusi, na wasemaji wakimtabasamia.

Wasichokijua ni kwamba shangazi alisoma midomo. Si kwamba alificha. Hakuna aliyemwuliza. Si kila neno alilipata. Nusu aliiona, nusu aliijazia mwenyewe, na mara nyingine alijazia ovyo. Kwa wiki nzima aliwahi kuamini kwamba jirani fulani ana mimba ya mapacha, kumbe mwenzetu alikuwa akieleza habari za mabeseni mawili aliyoyanunua. Lakini mengi aliyapata sawasawa. Aliwahi kuolewa, na akadai talaka mwenyewe, na sababu aliyonieleza ni kwamba mumewe alikuwa na tabia ya kuzima taa kabla ugomvi haujaisha.

Tukirudi chumbani kutoka kazini alikuwa akijitupa kitandani na kucheka mpaka anauma mto. Nikimwuliza ni lipi katika yale lililomchekesha, aliweka kidole midomoni. Hakuwahi kuniambia hata moja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yule alikuwa kata isiyomwaga.

Basi, Jumatano alasiri palikuwa na onyesho la wanawake peke yao katika sinema moja ya Uhindini, na sisi tulikuwa hatukosi. Tulijitanda kanga, tukapita Mnazi Mmoja tukiwa kundi zima, mwenye nyumba mbele kama jemadari. Shangazi alipenda sinema za Kihindi kuliko sisi sote. Ninadhani nilikuja kujua kwa nini: mle ndani sote tulikuwa viziwi sawasawa. Hakuna aliyejua Kihindi zaidi ya maneno ya dukani, kwa hiyo kila mtu alitazama midomo, macho na machozi, akajitungia yaliyobaki. Mambo ambayo shangazi aliyafanya kila siku, sisi tulilipa kiingilio ili tuyafanye kwa saa tatu.

Siku ile mke wa mwenye duka la vitambaa, Mhindi tuliyemfahamu, alikaa nyuma yetu. Akatuinamia na kutueleza kwamba hiki si kisa cha kutunga, mama huyu mchoraji aliishi kweli, alikuwa kiziwi na picha zake zilitundikwa katika majumba ya wakubwa. Tukampungia shangazi mikono kumweleza. Akaweka karanga zake pajani, akakaa wima.

Maoni yakaanza mapema. Mwenye nyumba hakupendezwa tangu mwanzo, kwa sababu yule mchoraji, mwenye kisa chake, hakuimba. Waliimba mpishi, mchumba, na hata muuza maziwa na ng'ombe wake pembeni, ila yeye alikaa akichora tu. Mwenye nyumba akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kama tumekuja kuona sinema au kuona ukuta ukipakwa rangi. Mama wa Kilimanjaro akasema kule kwao msichana kama yule angepelekwa misheni mapema akachomwa sindano. Mwingine akasema picha za watu ukutani hufukuza malaika, ndiyo maana nyumba ile haina heri. Kwa kifupi tulikuwa tukifurahi.

Halafu mume wa yule mama akafa. Ndugu wa mume wakaja, wakakaa sebuleni mwake wakala chakula chake, na mbele ya macho yake, yeye akiwa anachora pembeni, wakapanga namna ya kumtoa kwenye nyumba. Walikuwa wakimtabasamia kila walipomgeukia. Siku ya mwisho akawaita wote, akavuta shuka lililofunika picha. Walikuwemo wao, mmoja mmoja, midomo wazi, na yeye akasimama mbele ya kila mmoja akamweleza kwa mikono neno aliloliona likitoka mdomoni mwake, na siku aliyolisema, kama alivyotufasiria yule Mhindi wa nyuma yetu.

Katika onyesho la wanawake hapakuwa na kimya kamwe. Watoto walilia, mihogo ilitafunwa, watu walibishana na picha. Dakika ile safu yetu yote ilikauka. Kisha, kama waliovutwa kwa kamba moja, vichwa vyote vikamgeukia shangazi yangu.

Yeye alikuwa akicheka. Alicheka peke yake katika jumba zima, mabega yanatikisika, karanga zinamwagika.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa kimya mpaka katikati ya Mnazi Mmoja, na hapo maoni yakatoka kwa hasira. Mwenye nyumba alisema hajawahi kuona sinema ya uongo kama ile. Mama wa Kilimanjaro alisema ni dhambi kutengeneza vitu vya namna hiyo na kuwaonyesha watu wenye familia. Yule wa malaika alisema mchoraji alikosa adabu, maana mgeni akila kwako humwaibishi. Walipokuwa wakisema hivyo walikuwa wametanguliza hatua, wamempa shangazi mgongo, na kila mmoja ameinua kanga mpaka puani. Nilicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikauma. Sikujua kwamba kicheko hicho kitatugharimu.

Wiki zilizofuata tuliitwa mara mbili tu, na mara zote mbili chumba kilikuwa kama chumba cha mgonjwa. Wanawake walikaa wakitazama mikono yao. Akisema mtu, alisema nyuma ya kanga, au aligeukia ukuta. Bibi harusi wa pili alisinzia kwa kukosa mazungumzo, akaangukia bakuli la hina. Watu wakaanza kusema kwamba kupambwa na shangazi yangu siku hizi hakuna raha.

Sasa, mwenye nyumba alikuwa na binti, na binti alikuwa ameposwa. Ilikuwa inajulikana tangu mtoto yule akiwa anatambaa kwamba shangazi ndiye atakayempamba. Ghafla nikasikia kuna mpambaji mwingine, mwanamke wa Gerezani, ametumiwa salamu. Hapo kicheko kikaniisha. Kama binti wa nyumba tunayolala angepambwa na mtu mwingine, shangazi akiwa mlango wa pili, Kariakoo nzima ingejua kwamba hafai, na hakuna ambaye angemwita tena. Njiti ile ndiyo iliyotulipia chumba, chakula na nguo za kutusitiri.

Nikasubiri asubuhi moja uani, wanawake wote wakiwa wanafua. Shangazi alikuwa amekaa mbele yetu kwenye kibao, akichekecha majani ya hina. Mwenye nyumba akanipa nafasi mwenyewe.

"Mwanangu, niambie kweli," alisema nyuma ya kanga. "Huyu shangazi yako anayaelewa tunayosema?"

Nilicheka kicheko kirefu, cha mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Nikamwambia, "Mama, yule wa sinema ni Mhindi. Kihindi kinasemwa kwa mdomo mzima, hata ukikaa mbali unakiona. Kiswahili chetu kinasemwa ndani ya meno. Shangazi haelewi kitu. Yeye ni kama kinu tu, ukitwanga hakiulizi unatwanga nini."

Nilijiona fundi. Niliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wakayapokea kwa sababu walikuwa na njaa ya kuyapokea. Kunyamaza kulikuwa kumewakondesha. Lakini mwenye nyumba hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akataka kujaribu. Akamimina kikombe cha chai, akakipeleka kwa shangazi kwa mikono miwili, uso umejaa upendo.

"Chukua chai, bibi mkono mzito," alimwambia. "Piko yako imekaa kama masizi ya sufuria."

Shangazi alimtazama. Akapokea kikombe, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa shukrani, akanywa. Uani pakalipuka vicheko. Mwenye nyumba akashusha kanga mabegani, akavuta pumzi, na hapo hapo akatamka mbele ya wote kwamba wa Gerezani hana haja ya kusumbuka. Nilitamani kupiga vigelegele.

Tulipoingia chumbani nilimgeukia shangazi nimweleze habari njema. Alikuwa amekaa kitandani, mikono imelala magotini. Akatoa ile sauti yake.

"Kinu," alisema.

Nikaanza kueleza, kwa mdomo na kwa mikono, kwamba ilikuwa hila, kwamba bila hila tutakula nini, kwamba yeye mwenyewe ameona ilivyofaulu. Akafumba macho. Kwa mtu kama yeye, kufumba macho ni kumziba mwenzake mdomo, na aliyafumba mpaka nilipochoka.

Kwa siku tisa hakunitazama mdomoni. Tulikula pamoja, tulitwanga hina pamoja, tulilala kitanda kimoja, lakini kila nilipofungua kinywa macho yake yalipanda kwenye paji la uso wangu, au yakapita juu ya bega kwenda kumtazama mjusi. Nikisema kwa mikono, aligeuka. Nilizunguka mbele yake, akazunguka na yeye. Ungetuona ungedhani tunacheza ngoma. Mimi niliyekuwa msemaji kuliko wote uani nilikuwa sina mtu wa kusema naye ndani, na usiku nililia, kwanza kwa hasira, baadaye kwa sababu nilijua ana haki. Alikuwa amekunywa ile chai ili tule. Ile hila niliyoiita yangu aliifaulisha yeye, kwa kukubali kutukanwa na kutabasamu.

Siku ya kumpamba binti ikafika. Chumba cha mwenye nyumba kilijaa, mkeka mpya, udi, visheti, kahawa. Na maneno, jamani. Wiki zote zile za kimya zilikuwa zimewajaa kifuani, sasa yalimwagika kama mvua za masika. Mama wa Kilimanjaro alieleza kwamba dawa ya Buguruni imegeuka, mama mkwe amezidi ukali. Mwenye nyumba alisimulia jinsi anavyouficha unywele mweupe. Binti alikaa katikati amenyamaza kama bibi harusi anavyotakiwa, na shangazi aliinama kwenye mguu wake wa kushoto, akichora majani yaliyopanda kutoka kwenye vidole mpaka gotini. Mimi nilishika bakuli.

Kisha mmoja akasema kwa kicheko, "Mpeni kinu maji, kimechoka." Wakacheka. Mwingine akasema leo kinu kimeamka na nguvu. Mwenye nyumba akasema angalau kinu hiki hakina ulimi wa kwenda nao sokoni. Kila waliposema walimtabasamia, na yeye akainua uso, akatabasamu pia.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na mkono wake. Kila neno lile lilipotoka mdomoni mwa mtu aliyemkabili, njiti ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Neno nililolitoa mimi uani, kwa kujiona mwerevu, lilikuwa limekuwa jina lake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Mguu wa kushoto ulipomalizika niliweka bakuli chini.

"Anaelewa," nilisema. "Anaelewa kila mnachosema. Mimi ndiye niliyedanganya."

Kanga zikaruka midomoni zote kwa pamoja. Katika ule mshtuko nilimtazama shangazi, na macho yake yalikuwa mdomoni mwangu.

Mwenye nyumba aliuliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjamjua."

Akamtazama shangazi, akanitazama mimi, kisha akamtazama binti yake mwenye mguu mmoja uliopambwa na mmoja mtupu. Nikaona akipiga hesabu. Kumfukuza mpambaji saa ile ni kumpeleka kwa mumewe bibi harusi nusu. Binti, ambaye hakutakiwa kutoa sauti, alianza kucheka chini chini.

Aliyeshusha kanga kwanza ni mama wa Kilimanjaro. Alisema yeye alikuwa akimwogopa shangazi tangu siku ya sinema, lakini anajiuliza jambo moja. Habari ya mganga wa Buguruni aliikuta ikimsubiri mpaka mlangoni pa kanisa, miezi mingi kabla ya sinema, na aliyeipeleka huko alikuwa na ulimi. Mwenye nyumba akakumbuka kwamba na yeye habari ya miaka yake sita aliambiwa na muuza samaki, tena kwa pole. Muuza samaki aliitoa wapi? Aliitoa bombani. Na bombani aliisikia kwa nani?

Wakanigeukia mimi. Nikaona bakuli la piko linahitaji kukorogwa sana.

"Basi katika chumba hiki asiyetoa siri za watu ni mmoja," alisema mama wa Kilimanjaro, "na ndiye tuliyemzibia midomo."

Mwenye nyumba akajivuta, kwa uzito wake wote, mpaka akakaa uso kwa uso na shangazi. Akaondoa kanga mdomoni. Kwa miaka yote tuliyokaa nyumbani kwake, kila alichotaka kumwambia shangazi alikuwa akiniambia mimi.

"Niwie radhi, dada," alimwambia yeye mwenyewe. "Maliza na wa pili."

Shangazi aliichovya njiti, akaushika mguu wa kulia wa binti, akauweka vizuri pajani. Kabla hajaanza alitoa sauti yake. Ilitoka nene, imekwaruza, haijui ipande wapi na ishuke wapi, na niliogopa kwa niaba yake mpaka nikashika mkeka.

"Semeni mmoja mmoja," alisema. "Mkisema wote pamoja, mengi yananipita."

Hakuna aliyecheka. Kisha mwenye nyumba akajisogeza kwenye mwanga wa mlango, ili uso wake uonekane vizuri, akaanza yeye.